Shajara ya mradi: tramu ya Edinburgh, kutoka York Place hadi Newhaven

Machi 2019

Tarehe 14 baraza la jiji la Edinburgh, hapa Scotland, limepiga kura na kuidhinisha njia ya tramu, treni ya umeme ipitayo mtaani: itaendelea hadi Newhaven. Kilomita 4.69, vituo vipya vinane, pauni milioni 207.3. Reli itaanzia pale ilipoishia mwaka 2014, iteremke Leith Walk yote, iingie Constitution Street, ipite kando ya bandari ya Leith na kuishia Newhaven karibu na bahari. Sehemu kubwa ya fedha ni mkopo utakaolipwa kwa nauli za miaka ijayo, na pauni milioni 20 ni gawio maalumu kutoka Lothian Buses, kampuni ya mabasi ya jiji.

Hapa mtaani sijaona shangwe, na watu wana haki yao. Mkataba wa ujenzi wa mradi wa kwanza ulisainiwa Mei 2008, wananchi wakaahidiwa kupanda tramu mwaka 2011. Walipanda Mei 31, 2014. Wakapata kilomita 14 kutoka uwanja wa ndege hadi York Place, kwa pauni milioni 776, huku Leith iliyokuwa ndani ya mpango tangu mwanzo ikiachwa nje. Kilichowauma zaidi watu wa Leith ni kwamba barabara yao ilikuwa imeshachimbwa. Tangu 2007 mabomba na nyaya za Leith Walk zilikuwa zikihamishwa kuipisha reli. Wakavumilia vumbi na uzio, maduka yakakosa wateja, kisha mashimo yakafukiwa na hakuna hata mita moja ya reli iliyolazwa. Tume ya jaji Lord Hardie ilianza kuchunguza sababu za mkwamo huo mwaka 2014 na bado haijatoa ripoti.

Mimi niko upande wa chini ya ardhi: maji, gesi, umeme, simu, majitaka. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi na wahandisi wenzangu, maana habari nyingi za tramu huanza siku reli inapolazwa, na siku hiyo kazi ngumu huwa imeshapita.

Juni 2019

Makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa pauni milioni 165.2, na watu wananiuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Nyingi ni akiba ya yasiyojulikana. Safari hii wataalamu wameangalia jinsi miradi ya namna hii ilivyokwenda kwingine, ilivuka bajeti kwa kiasi gani na kwa sababu zipi, kisha wakaongeza kiasi hicho kwenye hesabu tangu mwanzo. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Gharama halisi ikitajwa kabla ya kura, mpiga kura anajua anachokikubali.

Pia hakuna tramu mpya za kununua. Mradi wa kwanza ulinunua tramu 27 kutoka CAF ya Hispania, kila moja ina urefu wa mita 42.8 na hubeba abiria 250. Zilikusudiwa njia ndefu kuliko ile iliyojengwa, hivyo zipo za kutosha kufika Newhaven.

Novemba 2019

Kazi imeanza. Kanuni ya mradi ni kuchimba mara moja tu: kipande cha barabara kikifungwa, kila kitu kinafanyika humo humo, kuanzia mabomba, msingi, reli na nguzo hadi njia ya waenda kwa miguu, ndipo kinafunguliwa. Hakuna kufukia leo na kufukua mwakani. Leith Walk haingevumilia mara ya pili.

Kwanza tunasafisha ukanda wa tramu, yaani upana wote ambao gari litaupita pamoja na nafasi ya kuyumba kwenye kona. Ndani ya ukanda huo kila kizuizi huondolewa hadi kina cha mita 1.2. Tukikuta bomba la maji tunalisogeza pembeni, na waya wa simu vivyo hivyo. Msingi wa ukuta wa karne iliyopita hukatwa.

Mdogo wangu wa kazini, aliyebaki Dar es Salaam, ameniandikia: “Kaka, kwa nini mnajisumbua hivyo? Si mngelaza reli juu, bomba likipasuka mnachimba?” Nimemjibu kwa urefu, na jibu lenyewe naliweka hapa.

Basi likikuta shimo barabarani linalikwepa, lakini tramu haina pa kukwepea. Bomba likipasuka chini ya reli, njia nzima inasimama hadi fundi amalize. Kampuni ya maji ina haki ya kulifikia bomba lake wakati wowote, na kampuni ya gesi ina haki hiyo hiyo. Usipoyaondoa sasa, kila mmoja atakuja kwa wakati wake kuvunja zege uliyoimwaga. Mtu aliyeona barabara za mwendokasi zikijengwa Dar, mabomba ya maji na nguzo za umeme vikipishana na ratiba ya mkandarasi, anaielewa shida hii bila kuchorewa.

Sababu ya pili ni umeme. Tramu huchukua volti 750 za mkondo mnyoofu (DC) kutoka kwenye waya wa juu, na umeme huo hurudi kwenye kituo chake kwa kupitia reli zenyewe. Reli ikigusana na udongo wenye unyevu, sehemu ya umeme huchepuka na kutafuta njia rahisi zaidi, na bomba la chuma lililo karibu ni njia rahisi mno. Pale umeme unapoliacha bomba kurudi kwenye reli, hutoka na chembe za chuma. Mwaka hadi mwaka bomba linamomonyoka kwa nje hadi linatoboka, na juu ya ardhi hakuna anayeona chochote. Ndiyo maana reli ya tramu ya kisasa huvishwa mpira au plastiki nzito kabla ya kuzingirwa na zege, na ndiyo maana mabomba ya chuma yaliyo karibu hatuyaachi yalivyo.

Januari 2020

Ramani tulizonazo ni nyingi na hazikubaliani. Moja inaonyesha bomba la gesi upande wa mashariki, nyingine magharibi, nasi tumelikuta katikati. Mtaa huu umechimbwa na kila kizazi tangu enzi za Malkia Victoria, na kila aliyechimba alipima kutoka kwenye alama iliyokuwepo siku hiyo, kona ya jengo lililokwisha kubomolewa au ukingo wa barabara iliyokwisha kupanuliwa.

Tunakwenda kwa hatua. Kwanza radar ya ardhini, inayoonyesha kuwa kuna kitu lakini haisemi ni nini. Kisha shimo la majaribio, jembamba, linalokata barabara kwa upana. Karibu na gesi na umeme hatutumii kijiko cha mashine. Tunaleta gari la kunyonya udongo, na mafundi wanamalizia kwa koleo. Kila tulichokikuta kinapimwa, kinapigwa picha na kuingizwa kwenye ramani mpya jioni hiyo hiyo. Msimamizi wetu hasaini karatasi ya siku kabla ramani haijajazwa, na ananipendeza kwa hilo.

Kitu kinachotusumbua kuliko mabomba ni vyumba vya chini. Majengo ya zamani ya hapa yana stoo zilizochimbwa hadi nje ya ukuta, chini ya njia ya waenda kwa miguu. Unatoboa sentimita chache unakuta uwazi. Wenye maduka wengine hawakujua kama wanazo. Inabidi kumtafuta mwenye jengo, kuingia naye ndani, kupima, na kukubaliana namna ya kuimarisha dari.

Februari 2020

Constitution Street. Hapa wanaotangulia ni wanaakiolojia, sisi tunafuata.

Kila mtu aliyesoma historia ya Leith alijua kitakachokutwa. Makaburi ya kanisa la South Leith yaliwahi kuenea mpaka mahali ambapo sasa ni barabara. Barabara ilipokatwa mwishoni mwa karne ya 18, ukuta wa makaburi ulisogezwa ndani na waliokuwa upande wa nje wakabaki chini ya njia. Wakati wa mradi wa kwanza, katika uchimbaji wa mwaka 2009, ilitolewa mifupa ya watu karibu 400 mahali hapa hapa. Sasa zamu ni ya kipande kilichobaki, chenye upana wa reli zetu. Miili zaidi ya kumi imeshaonekana.

Nimesimama pembeni nikawatazama. Wanafanya kazi kwa brashi na vijiko vya mti, ndani ya hema, mbali na macho ya wapita njia. Kila aliyetolewa anapewa namba na sanduku lake, na mifupa yake haichanganywi na ya mwingine. Wapo watoto. Mafundi wetu, ambao kelele zao husikika mpaka baharini, wakifika pale wanashusha sauti bila kuambiwa. Ratiba imewapa wanaakiolojia muda wao kamili na hakuna anayewaharakisha. Naona ni haki. Hawa ni watu wa Leith kama hao wanaopita na mifuko ya sokoni.

Machi 2020

Saiti zimefungwa kwa sababu ya korona. Mashimo yamewekewa uzio na pampu za maji ya mvua zinaangaliwa na walinzi wachache.

Juni 2020

Tumerudi. Tunakaa mbali mbali, mashine moja dereva mmoja, chakula kwa zamu. Kazi ya kuunganisha nyaya za simu, inayohitaji mafundi wawili kuinama juu ya kisanduku kimoja, ndiyo iliyopata shida zaidi. Waya mkubwa wa zamani una jozi nyingi sana za nyaya nyembamba, na kila jozi lazima ikutanishwe na mwenzake, ipimwe, ndipo uhamie nyingine. Hakuna njia ya mkato.

Novemba 2020

Wanaakiolojia wamemaliza Constitution Street. Watu zaidi ya 360, waliozikwa kati ya miaka ya 1300 na 1650. Umri wao, maradhi yao na chakula chao vitasomwa kwenye mifupa. Katika uchimbaji huo umepatikana pia mfupa wa nyangumi, na si ajabu katika mji ulioishi kwa bahari.

Sisi tumeingia nyuma yao na mabomba.

Gesi ina masharti yake. Bomba kubwa halikatwi baridi ikikaza, kwa kuwa nyumba zote zinalitegemea kwa joto. Kwa hiyo ratiba nzima ya mtaa inapangwa kuzunguka bomba moja, na anayepita akiona saiti haina watu anadhani tumelala. Nimemweleza hivyo mama mmoja mwenye duka la vyakula na viungo, karibu na tunapofanyia kazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: “Mwanangu, nimekuelewa. Lakini kodi ya duka hainisubiri kama mnavyoisubiri gesi.” Sikuwa na la kumjibu. Jiji limetenga pauni milioni 2.4 kusaidia biashara za njiani, na yapo maeneo ya kushushia mizigo ambako bidhaa hupelekwa madukani. Ni msaada wa kweli, lakini haumrudishii mteja aliyezoea kuegesha gari mlangoni na sasa anakwenda kwingine. Makadirio ya gharama ya tramu yangemhesabu pia mtu huyu, kwa mwaka mzima, si kwa wiki.

Mei 2021

Zege. Hatimaye kuna kitu ambacho mtu wa kawaida akikitazama anaona maendeleo. Nondo zinafungwa, msingi unamwagwa, reli zinapangwa juu yake kwa upana wa milimita 1,435, zinanyanyuliwa na kurekebishwa hadi zikae sawa, halafu zege ya pili inazizingira. Reli ya mtaani si ile ya treni ya kawaida. Ina mfereji upande wa ndani ambamo ukingo wa gurudumu hupita, na uso wake unalingana na lami ili magari na watu wavuke.

Mfereji huo ndio adui wa waendesha baiskeli. Tairi jembamba likiingia humo, mtu anaanguka. Katika njia ya kwanza watu wengi wameumia, na mwaka 2017 Princes Street ilishuhudia kifo. Kinga ni kumfanya mwendesha baiskeli aikate reli kwa pembe karibu na mraba, na hilo huamuliwa na mchoraji wa barabara kabla hajafika fundi. Leith Walk itakuwa na njia ya baiskeli iliyotengwa. Naiangalia kwa makini.

Maungio ya reli yanachomwa kwa unga wa alumini na oksidi ya chuma. Ukiwashwa, moto wake unapita nyuzi 2,000 za selsiasi na chuma kilichoyeyuka kinajaza nafasi kati ya reli mbili. Baadaye kiungo kinasagwa hadi ukipitisha kidole hukihisi. Vijana wa mtaa wanasimama kwenye uzio kutazama, na tukio lenyewe ni la dakika chache.

Februari 2022

Kituo cha York Place kimefungwa tarehe 9, moja kwa moja. Abiria wanaishia St Andrew Square mpaka njia mpya ifunguliwe, na nafasi ya York Place itachukuliwa na kituo cha Picardy Place hatua chache mbele. Kituo kile kilijengwa kikiwa mwisho wa reli iliyokatizwa. Sasa reli inapita.

Njia ya baiskeli ya Leith Walk imekuwa gumzo kwa kona zake. Kuna mahali inakatiza kulia na kushoto kukwepa nguzo na miti. Lawama ni za haki. Nafasi ya mtaa ni ile ile, na anayegawiwa mwisho anapewa masalio.

Agosti 2022

Leo niandike juu ya Pilrig, katikati ya Leith Walk, maana magurudumu ya chuma yaliyofukuliwa pale na kazi zetu yanastahili kujulikana.

Zamani Edinburgh na Leith zilikuwa manispaa mbili. Tramu za Edinburgh zilivutwa na kamba ya chuma iliyozunguka mfululizo chini ya barabara, ikiendeshwa na mashine za mvuke, na dereva aliishika au kuiachia kwa kibano kilichopita kwenye ufa kati ya reli. Leith ikachagua umeme mwaka 1905. Mifumo hiyo miwili ilikutana Pilrig na haikuweza kuungana. Abiria wa Leith aendaye mjini alishuka pale, mvua au jua, akapanda tramu nyingine. Hali ilikuwa hiyo hadi 1922, miaka miwili baada ya miji kuunganishwa, tramu za Edinburgh zilipohamia umeme. Tramu ya mwisho ya enzi hiyo iliondoka barabarani Novemba 16, 1956. Magurudumu yaliyopatikana ndiyo yaliyokuwa yakiibeba kamba.

Wakati tunayatoa, mafundi walijadili kwa nini hakuna aliyeyaondoa. Jibu ni rahisi: kufukia ni nafuu kuliko kuchimbua. Kila aliyejenga Leith Walk aliacha ya kwake chini, akaweka lami, na mzigo ukamsubiri ajaye. Gharama iliyowashangaza wenye mradi wa 2008 ilikuwa imelala pale miaka mingi. Mabomba na nyaya yalikutwa mengi kuliko makadirio, na mkandarasi wa reli alikuwa ameshasaini mkataba kabla barabara haijasafishwa. Akafika mahali ambapo hawezi kufanya kazi, na kila siku aliyosubiri ilikuwa na bei yake. Mwisho wa ubishi ule, mwaka 2011, urefu wa njia ulikatwa.

Machi 2023

Tramu ya kwanza imeteremka Leith Walk, usiku, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbele na ubavuni wametangulia watu wenye tochi wakipima nafasi kati ya gari na kila ukingo wa kituo, kila nguzo na kila tawi la mti. Baadaye mwendo unaongezwa, breki zinajaribiwa kwenye mteremko, taa za makutano zinafundishwa kuitambua tramu inapokaribia. Madereva wote lazima waijue njia kabla abiria hawajaingia.

Kwa upande wetu tulisubiri vipimo vya umeme unaovuja. Vimetoka vizuri. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kuiona tramu yenyewe.

Juni 2023

Tarehe 7 njia imefunguliwa kwa abiria. Kutoka uwanja wa ndege hadi Newhaven ni vituo 23 na kama kilomita 18.5. Imekamilika ndani ya pauni milioni 207.3 na katika majira yaliyotajwa mwaka 2019, pamoja na korona. Katika mji huu jambo hilo lina uzito ambao mgeni hawezi kuuhisi.

Nilipanda kituo cha Foot of the Walk saa za asubuhi. Wazee walikuwa wengi. Mzee mmoja aliniambia aliipanda tramu akiwa mtoto, kabla ya 1956, akaanza kunitajia vituo vya wakati ule kimoja kimoja hadi Picardy Place.

Septemba 2023

Ripoti ya Lord Hardie imetoka tarehe 19, miaka tisa baada ya tume kuundwa. Mapendekezo ni 24. Inaipa lawama kubwa TIE, kampuni ya jiji iliyosimamia mradi wa kwanza, na haiwaachi maofisa wa baraza wala mawaziri wa Scotland. Gharama ya njia ile ya kwanza inaipandisha hadi pauni milioni 835.7.

Nimesoma sehemu zinazohusu mabomba na nyaya kwa utulivu. Natamani ripoti hii ingekuja mapema, wakati sisi tunapanga. Bahati nzuri waliotuongoza walikuwa wameumia vya kutosha kuyajua mengi ya humo bila kuambiwa.

Tumekabidhi ramani za kilichopo sasa chini ya Leith Walk na Constitution Street: kila bomba na kina chake, kila waya na mwenye nao, kila chumba cha chini tulichokiingia. Tayari jiji linazungumzia njia nyingine ya kaskazini hadi kusini, kutoka Granton hadi eneo la hospitali kusini-mashariki, ambako bado kuna ubishi kuhusu mtaa wa kupita. Nimeandika barua kwa wapangaji kuomba mashimo ya majaribio yachimbwe kwenye kila mtaa unaofikiriwa, na yachimbwe kabla kiasi chochote cha fedha hakijatangazwa kwa wananchi.